Mwendo wa Mgeni: Safari na Uenyeji katika Riwaya ya Aniceti Kitereza

UTANGULIZI

Riwaya ya Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali, husifiwa na wengi na kusomwa hadi mwisho na wachache. Wanaoisifu huisifu kwa mambo mawili: kwamba iliandikwa kwanza kwa Kikerewe, lugha ambayo haikuwa na riwaya kabla yake, na kwamba imehifadhi mila ambazo nyingi zimekwisha kusahauliwa. Wanaoshindwa kuimaliza hutoa sababu moja tu, nayo ni kwamba inakwenda polepole mno. Mtu akitoka nyumbani kwake kwenda kwa wakwe, msomaji huelezwa alivyojiandaa, aliyekutana naye njiani, walivyoamkiana, alivyopokewa, alichoandaliwa, alivyolala na alivyoaga. Wahakiki kadhaa wamehitimisha kwamba hii ni hazina ya mila iliyovishwa vazi la hadithi, na kwamba vazi lenyewe limepwaya. Katika chuo kimoja cha ng'ambo nilikosomea shahada ya pili, kitabu hiki kilikuwa kimewekwa katika rafu ya elimu ya mila za makabila, mbali kabisa na rafu ya riwaya, na hakuna aliyeona ajabu.

Makala haya yanakusudia kuipinga rafu hiyo. Hoja yetu ni kwamba kukawia kwa riwaya ya Kitereza si udhaifu wa fani bali ndiyo fani yenyewe. Kitabu hiki kimejengwa juu ya mwendo ambao tutauita mwendo wa mgeni: mwendo wa mtu aendaye kwa miguu, kwa mwenyeji anayejulikana, kwa ruhusa, akakaa, akala, akasindikizwa, na akarudi kwake akiwa na deni. Tutaonyesha kwamba mwendo huu unatofautiana na ule uliozoeleka katika masimulizi ya safari ya Kiswahili tangu zama za misafara. Kisha tutauliza swali ambalo si la fasihi peke yake: je, mwendo huu unatufundisha nini wakati huu ambapo vijiji vya Afrika Mashariki vinahimizwa kuwapokea watalii?

MTUNZI, KISIWA NA KITABU

Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Viktoria. Kiko upande wa kusini-mashariki wa ziwa, kaskazini ya mji wa Mwanza. Msafiri anaweza kukifikia kwa meli hadi Nansio, au kuzunguka nchi kavu kupitia Bunda hadi Kisorya, kisha akavuka mlango mwembamba wa maji. Kaskazini yake kuna Ukara, kisiwa kidogo kilichojaa watu, ambacho wakulima wake walijulikana tangu zamani kwa kufuga ng'ombe zizini na kurutubisha mashamba kwa samadi ili ardhi finyu iwatosheleze.

Katika maandishi ya wageni wa Kizungu, sehemu hizi zilionekana kwa mbali au kwa haraka. Speke aliliona ziwa mwaka 1858 akiwa karibu na Mwanza, akalipa jina la malkia wa kwao kabla hata hajalizunguka. Stanley alipofika mwaka 1875 alihitaji mitumbwi ya kuwavusha watu wake waendelee na safari ya Buganda, na mitumbwi hiyo akaipata kwa Omukama Lukonge wa Ukerewe. Katika maandishi ya namna hiyo kisiwa ni mahali pa kupata chombo, nao watu wake huonekana kwa kadiri wanavyosaidia au kuzuia safari ya mwingine.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa Abasilanga, ukoo wa watawala wa Ukerewe, akasomeshwa na wamisionari Wakatoliki. Riwaya yake aliiandika kwa Kikerewe mwaka 1945. Haikupata mchapishaji. Baada ya miaka mingi mtunzi mwenyewe aliitafsiri kwa Kiswahili, nayo ikatolewa na Tanzania Publishing House, Dar es Salaam, mwaka 1980. Mwaka uliofuata mtunzi akafariki. Kazi hiyo basi ilitumia miaka 35 kutoka katika meza ya mwandishi hadi mikononi mwa wasomaji. Baadaye imetafsiriwa kwa Kijerumani na kwa Kiingereza. Tafsiri ya Kiingereza, iliyotoka mwaka 2002, ni kazi ya Gabriel Ruhumbika, mwandishi ambaye naye ni mzaliwa wa Ukerewe.

Nia ya Kitereza ya kuhifadhi lugha na mila za Wakerewe inajulikana, nasi hatuikanushi. Lakini nia ya mtunzi haitoshi kuamua kitabu ni cha aina gani. Mtu anaweza kukusudia kuhifadhi, na katika kuhifadhi akagundua fani. Hilo ndilo tunalodai limetokea hapa.

MSAFARA NA ZIARA

Nathari ya Kiswahili ilianza mapema kusimulia safari. Mwaka 1901 Carl Velten alitoa mjini Göttingen mkusanyo uitwao Safari za Wasuaheli, wenye maelezo ya wasafiri kama Selemani bin Mwenye Chande, aliyekwenda bara, na Salim bin Abakari, aliyefika hadi Urusi na Siberia. Miaka hiyohiyo ilichapishwa pia habari ya maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ambayo sehemu yake kubwa ni safari. Maandishi haya ni urithi mkubwa wa lugha yetu, na Kiswahili chake kina ukakamavu ambao nathari ya siku hizi yafaa iuonee wivu.

Hata hivyo tukiyachunguza tutaona kwamba kwa sehemu kubwa yana umbo moja, nalo ni umbo la msafara. Simulizi hufuata njia: tulitoka hapa, tukalala pale, tukapita kwa fulani. Nchi hupimwa kwa siku za kutembea, kwa maji, kwa chakula, kwa hongo anayodai mkubwa wa mahali na kwa bei ya bidhaa. Mila za watu hutajwa, wakati mwingine kwa makini sana, lakini hutajwa na mtu ambaye kesho atakuwa amekwisha kuondoka. Kitenzi kikuu cha simulizi hizi ni kupita. Hatusemi hivi kwa kuwalaumu waandishi wake. Msafara ulikuwa kazi, tena kazi ya hatari, na mara nyingi ulikuwa sehemu ya biashara iliyowageuza watu kuwa bidhaa. Aliyekuwa na mizigo ya kufikisha hakuwa na nafasi ya kukawia, na aliyepitiwa naye alikuwa na sababu nzuri ya kumwogopa.

Kitenzi kikuu cha Kitereza ni kufika. Watu wake huenda karibu, mwendo wa saa au wa siku, na karibu kila mara huenda kwa mtu. Hapa sarufi ya Kiswahili inatusaidia kufikiri. Kutembea ni kwenda kwa miguu. Tukilitia neno hilo kiambishi cha kutendea tunapata kutembelea, na mara moja kwenda huko kunadai mtu wa kuendewa. Huwezi kumtembelea asiyekuwapo. Msafara hutembea, mgeni hutembelea, na riwaya nzima ya Kitereza inaishi ndani ya kiambishi hicho kidogo.

SAFARI ZA MYOMBEKERE

Kisa cha riwaya kwa ufupi ni hiki. Zamani, kabla ya kuja kwa Wazungu, Myombekere na mkewe Bugonoka wanaishi kwa mapenzi lakini hawajaliwa mtoto. Ndugu za mume wanamsimanga Bugonoka. Wazazi wake wanapopata habari wanamchukua binti yao. Myombekere anakwenda kwa wakwe kuomba arudishiwe mke, nao wanamtoza faini ya pombe ya ndizi. Anaitengeneza, anaipeleka, mke anarudi. Kutafuta tiba kunawakutanisha na mganga Kibuguma, na hatimaye anazaliwa Ntulanalwo, kisha Bulihwali. Wanaobaki wanakua, wanaoa na kuolewa, na wazee wanakufa.

Tuitazame kwanza safari ya ukweni. Mwandishi mwingine angeimaliza kwa sentensi mbili, kwa kuwa jambo lenyewe ni jepesi: mume ameomba mke, amepewa masharti. Kitereza anaichukua kuwa jambo zito, na ana haki, kwa sababu anayekwenda ukweni akiwa na hatia hana silaha nyingine isipokuwa adabu. Kila salamu inayotolewa na kupokelewa ni hatua katika kesi. Namna anavyokaribishwa, anachopewa kula na muda anaoachwa angoje kabla ya kuulizwa shida yake, yote hayo ni lugha, na wakwe wanaisema lugha hiyo kwa ufasaha. Msomaji anayeziruka salamu ili afike kwenye kisa amekiruka kisa chenyewe. Faini itakapotajwa, sisi tulioketi na Myombekere tangu alipobisha hodi tunajua tayari kwamba amesamehewa nusu, na kwamba nusu iliyobaki lazima ailipe kwa jasho.

Faini yenyewe ni fundisho la pili. Wakwe wangeweza kudai mbuzi au majembe, vitu ambavyo mtu huvitoa na mambo yakaisha. Wanadai pombe ya ndizi, na pombe ya ndizi haina haraka. Ndizi lazima zivunwe, zivundikwe hadi ziive, zikamuliwe, togwa lichanganywe na nafaka iliyokaangwa na kusagwa, kisha liachwe lichachuke. Mwanamume ambaye mkewe ameondoka hawezi kazi hiyo peke yake. Inambidi awaendee jamaa na majirani, awe mgeni kwao, aombe mikono yao na vyombo vyao. Siku ya kuipeleka pombe, wanaofika ukweni ni jamaa nzima iliyokubali kubeba mzigo pamoja naye. Kwa njia hiyo faini iliyotozwa kwa sababu ya masimango ya ndugu inalipwa kwa kuwakusanya ndugu. Kosa lilikuwa la jamii, na malipo yakawa ya jamii. Kama pombe ingetengenezwa katika aya moja, tungeambiwa tu kwamba maridhiano yametokea, tusione yalivyotokea.

La tatu ni kuaga na kusindikiza. Ugeni hauishii mlangoni. Mgeni akitaka kuondoka huomba ruhusa, na mwenyeji humsindikiza kipande cha njia. Katika jamii nyingi za kwetu desturi hii ingali hai, wala haihitaji maelezo. Lakini katika nathari ni nadra mwandishi kuipa nafasi, kwa sababu haiongezi tukio. Inaongeza kipimo. Urefu wa kusindikizwa hueleza thamani ya mgeni, na mahali pa kuachana ndipo mara nyingi panaposemwa neno ambalo halikuweza kusemwa ndani ya nyumba.

KUKAWIA KAMA FANI

Tukishaona hayo, lawama ya wahakiki inageuka sura. Mazoea yetu ya kugawa kazi katika fani na maudhui, kisha kuorodhesha kila upande vilivyomo, yalituongoza kuziona salamu, mapishi, uvuvi na dawa za mitishamba kama maudhui ya mila yaliyorundikwa juu ya ploti nyembamba. Ukweli ni kwamba vitu hivyo ndivyo vinavyopima wakati ndani ya riwaya. Msomaji anawekwa katika hali ya mgeni: haruhusiwi kuingia chumba cha ndani kabla ya kukaa barazani. Anangoja pombe ichachuke kama Myombekere anavyongoja, anangoja mimba kama Bugonoka anavyoingoja. Utamu wa kuzaliwa kwa Ntulanalwo hautokani na mshangao, kwani hakuna msomaji asiyeutazamia. Unatokana na muda tuliokaa.

Lugha nayo imo katika kazi hiyo. Kiswahili cha Kitereza si cha mwambao wala si cha vitabu vya shule. Kina maneno ya Kikerewe na kina mijengo ya sentensi ambayo msomaji wa Mombasa au wa Nairobi huiona ngeni. Baadhi yetu tumekuwa wepesi wa kuiita kasoro. Lakini mgeni afikapo mahali hutarajiwa ajifunze kuamkia kwa lugha ya wenyeji hata kama hajui jingine. Kitereza, kwa kukitafsiri kitabu chake mwenyewe, aliamua ni wapi atamsogelea msomaji wa Kiswahili na ni wapi atamwacha msomaji amsogelee yeye. Uamuzi huo unastahili kuchunguzwa neno kwa neno, badala ya kusahihishwa kwa kalamu nyekundu.

Upekee wake unaonekana zaidi tukimlinganisha na Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo, katika kisiwa hichohicho, mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020. Katika Rosa Mistika (1971) na Kichwamaji (1974), Ukerewe ni mahali pa kuondoka na pa kurudi. Rosa anaondoka kwenda kusoma, na kadiri anavyokwenda mbali na nyumbani ndivyo anavyopotea. Kazimoto anarudi likizo kutoka chuo kikuu, akawa mtazamaji katika kijiji kilichomlea: anaona kila kitu, anahukumu kila kitu, na hakai popote kwa amani. Kwa Kezilahabi safari inavunja. Kwa Kitereza safari inaunga. Tofauti hii haitokani na matumaini ya mmoja na kukata tamaa kwa mwingine. Inatokana na aina ya safari. Myombekere ana mwenyeji kila anakokwenda, ilhali Kazimoto amekosa mwenyeji hata kwa baba yake.

MZIGO WA UKARIMU

Haitoshi, hata hivyo, kuusifu mwendo wa mgeni bila ya kuuliza nani anaulipia. Riwaya hii ina ukimya wake. Mgeni anapokaribishwa, mwanamume mwenye nyumba huketi naye, na maji, kuni, unga na moto ni kazi ya wanawake. Kitereza anaiona kazi hiyo, tena anaieleza kwa undani unaozidi wa waandishi wengi waliomfuata, lakini hailalamikii. Vilevile Myombekere huenda kwa hiari yake, ilhali safari kubwa ya kwanza ya Bugonoka ni ya kuchukuliwa. Anaondolewa kwa mumewe na wazazi, anarejeshwa baada ya faini kulipwa, na katikati ya safari hizo mbili wanaume ndio wanaojadili. Mhakiki anayetaka kuitumia riwaya hii kutetea undugu wa kale bila ya kulitaja jambo hili atakuwa anasoma nusu ya kitabu.

Hata hivyo tuseme haki. Ukimya wa Kitereza hauwezi kulinganishwa na ule wa mwandishi asiyeona. Ni kwa sababu amekawia jikoni na shambani kwamba sisi, wasomaji wa leo, tunao ushahidi wa kuhesabu mzigo. Simulizi ya haraka ingesema tu kwamba mgeni alikirimiwa, nasi tusingejua kamwe ni mikono ya nani iliyokirimu. Fani ya kukawia basi inatoa silaha hata kwa wale wanaotaka kuikosoa jamii inayosimuliwa.

Methali yetu yasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi huchukuliwa kuwa ni mzaha wa kumfukuza mgeni, au ni wito wa kufanya kazi. Tukiisoma kwa jicho la riwaya hii tunaona kwamba ni sheria ya uchumi wa ukarimu. Ukarimu si mfuko usio na sakafu. Mgeni wa muda mfupi hulishwa, na mgeni anayekaa sharti aingie katika kazi ya nyumba, kwa maana atakuwa anakula jasho la mtu. Jembe analopewa si tusi. Linamwondoa katika ugeni na kumwingiza katika uenyeji.

MTALII NA KIJIJI

Hapa ndipo riwaya ya 1945 inapokutana na mambo ya sasa. Tangu miaka ya 1990 Tanzania imekuwa na mpango wa utalii wa utamaduni, ulioanzishwa kwa msaada wa shirika la SNV la Uholanzi, unaowapeleka wageni vijijini ili wakae na watu badala ya kutazama wanyama peke yao. Kwetu Kenya, jamii ya Il Ngwesi huko Laikipia ilifungua nyumba yake ya wageni mwaka 1996, na kisiwani Wasini kikundi cha wanawake kinawapitisha wageni juu ya daraja la mbao katikati ya mikoko na matumbawe. Siku hizi husemwa pia kwamba msafiri mwema ni yule anayekwenda taratibu, akakaa mahali pamoja, akala chakula cha mahali hapo na kuiacha fedha yake mikononi mwa wenyeji. Ukerewe na Ukara, mahali pasipo na mbuga mashuhuri wala hoteli kubwa, zinatajwa kuwa zinafaa sana safari ya namna hiyo.

Sisi walimu wa lugha tunaweza kudhani kwamba jambo hili halituhusu. Linatuhusu, kwa sababu mengi yanayosemwa kulihusu kwa Kiswahili ni tafsiri, tena tafsiri ya lugha ya matangazo. Kijiji kinaitwa kivutio. Mama anayesuka mkeka anaitwa kivutio. Kitenzi kuvutia kinahitaji anayevutwa, na anayevutwa hapa ni mwenye fedha. Mwenyeji, ambaye katika riwaya ya Kitereza ndiye anayeamua mgeni ataingia lini na ataondoka vipi, amegeuzwa kuwa kitu kinachotazamwa.

Ajabu ni kwamba neno mtalii lenyewe lina heshima zaidi ya matumizi yake. Asili yake ni ileile ya Kiarabu iliyotupa mutalaa na mtaala, yaani kupitia kwa makini, kusoma, kudurusu. Kwa asili ya neno, basi, mtalii ni msomaji. Na kama kuna kitabu kinachomfundisha mtu kusoma kijiji, ni hiki. Kinamwonya kwamba salamu ni sehemu ya jambo lililomleta, kwamba kuna maswali yanayongoja hadi mtu ameshiba, kwamba kinachopikwa kimechukua siku za mtu, na kwamba anayeaga haraka ametukana.

Lakini lazima tuweke mpaka mmoja, maana mapenzi ya mwendo wa taratibu yanaweza kuficha dhuluma. Kuna kukawia kwa hiari na kuna kukawia kwa lazima. Mgeni anayengoja chombo ufukweni siku nzima anaweza kukiita kisa kitamu cha safari. Mama anayengoja chombo hichohicho akiwa na mtoto mgonjwa haoni utamu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa kikitoka Bugolora kwenda Ukara, kilipinduka kikiwa kimekaribia kufika, na watu zaidi ya 200 wakafa. Kilikuwa kimejaa kupita kiasi. Waliokuwamo wengi walikuwa watu wa kawaida katika shughuli zao za kawaida. Mtu asije akatuambia kwamba uchache wa vyombo na ubovu wa njia ni sehemu ya haiba ya mahali.

Kitereza hakulichanganya jambo hili. Kukawia kwa watu wake ni kukawia kwa adabu, si kwa ukosefu. Myombekere hakai ukweni kwa sababu njia imekatika, anakaa kwa sababu ana neno la kusema na neno lina wakati wake. Akipata uwezo wa kufika upesi, bado atalazimika kungoja barazani. Ndiyo sababu mwendo wa mgeni hauwezi kuuzwa kama bidhaa ya nchi zilizochelewa. Ungewezekana hata pale penye lami na madaraja, mradi kuna mwenyeji mwenye mamlaka juu ya mlango wake, na mgeni anayejua kwamba mlango si wake.

TAMATI

Tumejaribu kuonyesha kwamba riwaya ya Kitereza ina umbo lake, na kwamba umbo hilo ni ziara. Tukiipima kwa kipimo cha msafara, yaani kwa kuuliza tumefika wapi na kwa siku ngapi, itatushinda. Tukiipima kwa kipimo chake yenyewe tutaona kwamba ni kazi iliyopangwa kwa nidhamu, yenye kujua ni wapi ikae na kwa nini. Tumeonyesha pia kwamba kipimo hicho kinaufunua mzigo wa wanawake ambao mtunzi aliuona bila ya kuulalamikia, na kwamba kinatupa hoja dhidi ya lugha ya matangazo inayomfanya mwenyeji kuwa kivutio.

Kazi mbili zinatungoja. Ya kwanza ni ya kufundisha. Kitabu hiki kisiendelee kugawiwa wanafunzi kwa vipande vya mila, ukurasa wa ndoa huku na ukurasa wa dawa kule, bali kisomwe angalau sehemu moja nzima, tangu kutoka nyumbani hadi kurudi, ili mwanafunzi aone jinsi kisa kinavyokwenda kwa mwendo wa miguu. Ya pili ni ya utafiti. Lugha zinazolizunguka ziwa hili, Kikerewe, Kijita, Kikara, Kisukuma, Kiluo, Kiluhya, Kisuba, zina msamiati mpana wa kupokea, kukalisha, kulisha, kuaga na kusindikiza. Wazee wanaoujua wapo, lakini hawatakuwapo daima. Idara zetu zina wanafunzi wanaotoka katika vijiji hivyo na wanaorudi huko kila likizo. Wapewe daftari na swali moja: kwenu, mgeni akifika, husemwa nini, na nani husema kwanza? Majibu yao yatatuwezesha kuisoma riwaya hii vizuri zaidi, na kijiji kitakapoandikiwa maneno ya kuwakaribishia wageni, pasiwe na haja ya kuyaazima katika vitabu vya matangazo.